Kupima Hotuba za Ushawishi Darasani: Hoja, Hadhira na Kiswahili cha Bunia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna hotuba za ushawishi zinazotolewa na wanafunzi zinavyoweza kupimwa darasani kwa haki. Mazingira yanayozingatiwa ni ya mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha inayowakutanisha watu wa jamii na lugha mbalimbali. Hoja kuu ya makala ni kwamba hotuba ya ushawishi isipimwe kwa makofi inayopigiwa, wala kwa usanifu wa lugha yake peke yake, bali kwanza kwa sababu inazozitoa na kwa namna inavyomkabili msikilizaji asiyekubaliana nayo.

Jambo hili halijapewa uzito unaolistahili. Insha huandikwa, hukusanywa na husomwa mara mbili au tatu kabla ya kupewa alama. Hotuba hupita mara moja na kutoweka hewani. Mwalimu husikiliza, huandika tarakimu pembeni mwa jina, kisha humwita mwanafunzi anayefuata. Mwanafunzi akiuliza baadaye kwa nini amepata 11 na mwenzake 16, aghalabu jibu huwa kwamba yule mwingine alizungumza vizuri zaidi. Jibu hilo halimfundishi kitu. Tena humwacha akiamini kwamba ushawishi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, au ni sauti kubwa tu.

2.0 Hotuba ya Ushawishi ni Nini?

Hotuba ya ushawishi ni maneno yanayotolewa mbele ya hadhira kwa nia ya kuifanya ikubali wazo, ibadili msimamo au itende jambo fulani. Inatofautiana na hotuba ya kuarifu, ambayo hueleza mambo yalivyo, na ile ya sherehe, ambayo husifu au huomboleza. Aliyeieleza kwa utaratibu mapema ni Aristotle wa Ugiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Alibainisha njia tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji mwenyewe, hisia zinazoamshwa kwa wasikilizaji, na hoja zilizomo katika maneno. Mgawanyo huo unafaa hadi leo kwa sababu unamwonyesha mpimaji kwamba kushawishi ni kazi ya vitu vitatu vinavyosaidiana, na kwamba kimojawapo kikizidi sana huweza kuficha upungufu wa vingine.

Jamii za Waswahili zina istilahi yake, ulumbi, yaani ustadi wa kutumia maneno mbele za watu, na mwenye ustadi huo ni mlumbi. Zina pia hekima ya muda mrefu kuhusu nguvu ya maneno. Methali isemayo kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni hutumiwa kwa kawaida kuusifu ulimi mtamu. Hata hivyo, inafaa kuangaliwa tena. Nyoka aliyetolewa pangoni bado ni nyoka, na methali haisemi amwendee nani. Ndiyo sababu wahenga hao hao walionya kwamba ulimi hauna mfupa. Kipimo cha hotuba hakiwezi kuishia kwenye swali la iwapo nyoka ametoka. Lazima kiulize pia ametolewa kwa njia gani.

3.0 Uzito wa Suala Hili Katika Ituri

Mahali pengine upimaji wa hotuba unaweza kuchukuliwa kuwa suala la ufundi wa kufundishia tu. Katika Bunia haiwezekani. Kati ya mwaka 1999 na 2003 Ituri ilipitia vita vilivyowagombanisha watu kwa misingi ya jamii zao, na mwaka 2003 mji wenyewe ulikuwa uwanja wa mauaji hata Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi, kikiongozwa na Ufaransa, kati ya Juni na Septemba mwaka huo. Machafuko yalianza upya katika jimbo hilo mwishoni mwa mwaka 2017. Wanafunzi wanaokaa pamoja darasani leo ni watoto wa familia zilizowahi kukimbiana.

Katika historia hiyo hotuba ina nafasi yake. Tarehe 12 Februari 2003, katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, Thomas Lubanga aliwahutubia askari wapya, na tukio hilo likarekodiwa kwa video. Miaka kadhaa baadaye video hiyo ilioneshwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Majaji waliitazama pamoja na ushahidi mwingine, na tarehe 14 Machi 2012 wakamtia hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana iligeuka kuwa ushahidi mahakamani.

Tukio hilo halina maana kwamba mwanafunzi anayetetea hoja yake ubaoni ni mshtakiwa. Linaonyesha tu kwamba ari inayoamshwa kwa wasikilizaji si ushahidi wa ubora wa hotuba. Mwalimu anayetoa alama za juu kwa kila hotuba inayosisimua darasa, bila kuuliza imesisimua kwa kitu gani, anafundisha somo ambalo hakulikusudia.

4.0 Makosa ya Kawaida ya Upimaji

4.1 Kosa la mng'aro

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Kimarekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi juu ya namna wakubwa wanavyowakadiria walio chini yao, wakiwemo maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwakadiria askari. Aliona kwamba sifa zilizopaswa kupimwa mbali mbali, kama vile umbo la mwili, akili na tabia, zilipewa alama zinazofanana kupita kiasi. Aliyependeza kwa jambo moja alionekana bora katika yote, kana kwamba mng'aro wa sifa moja uliziangaza nyingine zote.

Kosa hilo hulikumba darasa la hotuba kwa urahisi. Mwanafunzi aliyevaa vizuri, mwenye sauti nzito na asiyetetemeka mikono huonekana pia kuwa mwenye hoja nzuri. Aliyeanza kwa kigugumizi huonekana hana la kusema, hata kama sababu zake ni imara. Alama ya jumla inayotolewa kwa mkupuo mmoja haina kinga dhidi ya kosa hili.

4.2 Kosa la makofi

Walimu wengine hukwepa lawama kwa kuliachia darasa liamue. Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa. Lakini wengi nao huweza kupotoka, na msomaji wa Kiswahili ana mfano mzuri mkononi. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia hiyo Brutus anauhutubia umati wa Roma kueleza kwa nini Kaizari ameuawa, na umati unamshangilia. Anapanda Antony, anahutubia, na umati ule ule unamgeukia Brutus. Muda mfupi baadaye watu hao wanakutana njiani na mshairi aitwaye Cinna. Mmoja wa waliomwua Kaizari ana jina hilo pia. Mshairi anajieleza kwamba siye, lakini wanamrarua kwa sababu ya jina lake tu.

Hadhira ya Bunia haihitaji kuelezwa sana onyesho hilo linahusu nini. Kwa mpimaji fundisho lake ni kwamba umati uliotoa makofi mara mbili kwa misimamo miwili inayopingana haukuwa umepima hoja hata mara moja. Darasani makofi yana udhaifu zaidi: huenda kwa rafiki, kwa mcheshi, kwa kiongozi wa darasa, na wakati mwingine kwa mtu wa kwetu.

4.3 Kosa la zamu

Hotuba ya kwanza hupimwa na mwalimu mwenye makini ambaye bado hajajua kiwango cha darasa. Hotuba ya arobaini hupimwa na mwalimu aliyechoka. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akipewa dakika 5 za kusema na mpimaji dakika 2 za kuandika, linahitaji dakika 420, yaani saa 7. Hakuna sikio linalobaki lile lile kwa saa 7. Ni afadhali kazi hiyo igawanywe katika vipindi vinne au vitano, na zamu zipangwe kwa kura badala ya kufuata orodha ya majina, ili mwenye jina la mwisho asidhurike kila mwaka.

5.0 Suala la Lugha

Katiba ya mwaka 2006 inaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kufundishia na kufundishwa. Hata hivyo, kadiri mwanafunzi anavyopanda madarasa, ndivyo Kifaransa kinavyochukua nafasi. Anayefika chuo kikuu Bunia anaweza kuwa amezungumza Kiswahili kila siku ya maisha yake bila kufundishwa kukitumia katika hotuba rasmi.

Kiswahili anachokuja nacho ni kile cha mashariki ya Kongo, ambacho zamani kiliitwa Kingwana. Kina sarufi yake. Watu wazima na watoto husikika wakisema batoto mahali ambapo Kiswahili sanifu kina watoto, hutumia iko kwa upana zaidi kuliko pwani, na maneno ya Kifaransa na Kilingala huingia bila kugongewa mlango. Zaidi ya hayo, si wote waliokipata kwa njia moja. Ituri ina lugha za Kibantu kama Kibira, za Kiniloti kama Kialur, na za Sudani ya Kati kama Kilendu, Kingiti na Kilugbara. Mipaka ya lugha na ya jamii haifuatani kila mara: Wahema wa kaskazini, waitwao pia Wagegere, huzungumza Kilendu, hali wenzao wa kusini huzungumza Kihema, ambacho ni lugha ya Kibantu.

Je, mwanafunzi anayesema batoto apunguziwe alama? Jibu linategemea kinachopimwa. Kama somo ni sarufi ya Kiswahili sanifu, ndiyo. Kama kinachopimwa ni ushawishi, swali la kwanza ni hadhira. Msemaji anayetaka kuwashawishi akina mama wa soko kuu la Bunia kwa lugha ya vitabu vya Dar es Salaam huenda akaheshimiwa asieleweke. Anayetaka kuwashawishi wajumbe wa mkutano wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki kwa lugha ya soko hilo atakuwa amekosea pia. Kiswahili sanifu chenyewe kilitokana na uteuzi: kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikisimamisha juu ya msingi wa lahaja ya Unguja, ili maeneo mengi yawe na lugha moja ya maandishi. Ni chombo chenye manufaa makubwa, na mwanafunzi anastahili kukipata. Lakini si kipimo cha akili ya mtu wala cha uzito wa hoja yake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mwanafunzi aitaje hadhira yake kabla ya kuanza, na lugha yake ipimwe kwa namna inavyoifaa hadhira hiyo. Kuchanganya lahaja mbili bila kusudi kuhesabiwe kuwa kosa. Kuchagua mojawapo kwa kusudi kuhesabiwe kuwa ustadi.

6.0 Vipengele Vitano vya Upimaji

Kuna njia mbili kuu za kutoa alama. Ya kwanza ni ya ujumla: mpimaji husikiliza au husoma, kisha huiweka kazi katika kiwango kimoja. Mfano unaojulikana ni upimaji wa insha za Kiswahili katika mtihani wa kumaliza shule za sekondari nchini Kenya, ambako kwa miaka mingi insha imepimwa juu ya alama 20 katika viwango vinne, kila kimoja kikiwa na upana wa alama tano. Huko hotuba ni mojawapo ya sura za insha, na mtahiniwa asiyezingatia sura ya hotuba huadhibiwa. Njia hiyo ni ya haraka na hufaa kwa maandishi yanayoweza kurudiwa. Njia ya pili ni ya vipengele: kila sehemu ya kazi hupewa alama yake, kisha alama hujumlishwa. Kwa hotuba, ambayo haiwezi kurudiwa, njia ya pili ina usalama zaidi, hasa dhidi ya kosa la mng'aro.

Kwa kuwa vyuo vya Kongo vimezoea kuhesabu juu ya 20, mgawanyo ufuatao unapendekezwa:

(a) Dai na mpangilio: alama 3. Je, msikilizaji anajua msemaji anataka nini? Je, sehemu za hotuba zinafuatana?

(b) Sababu na ushahidi: alama 6. Je, dai limetegemezwa kwa sababu, na sababu kwa mambo yanayoweza kuthibitishwa?

(c) Kujibu upande wa pili: alama 4. Je, hoja yenye nguvu zaidi ya wapinzani imetajwa kwa haki na kujibiwa?

(d) Ufaafu kwa hadhira: alama 4. Je, lugha, mifano na hisia vinawafaa wasikilizaji waliotajwa?

(e) Utoaji: alama 3. Je, sauti, macho, mwendo na matumizi ya muda vimesaidia ujumbe kufika?

Alama 10, yaani nusu, zimewekwa katika (b) na (c). Mwanafunzi mwenye utoaji wa kuvutia asiye na sababu hawezi kufika mbali, na mwenye sauti dhaifu aliyefikiri vizuri hawezi kuanguka. Vipengele viwili vinahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu ushahidi, maktaba za mji hazina kila kitu, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa kukosa vitabu. Anaweza kutumia sheria, habari za redio, kumbukumbu za wazee, au majibu ya wazazi watatu aliowauliza. Linalotakiwa ni aseme ameyapata wapi na yana uzito gani. Anayesema kwamba amewauliza watu watatu tu ametoa ushahidi mdogo lakini wa kweli. Anayetaja asilimia asiyoweza kueleza chimbuko lake hajatoa ushahidi wowote, hata kama tarakimu imewavutia wasikilizaji. Methali nazo zitazamwe kwa jicho hilo. Anayehimiza subira atasema haraka haraka haina baraka, na anayepinga subira atajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hupamba hoja, huifupisha na huifanya ikumbukwe, lakini haiithibitishi. Sifa yake ihesabiwe katika (d), si katika (b).

Kuhusu upande wa pili, hiki ndicho kipengele kinachoachwa mara nyingi na ndicho kinachohitajika zaidi. Kumtaja mpinzani kwa haki maana yake ni kuieleza hoja yake kiasi kwamba mwenyewe akisikia atakubali kuwa ndivyo alivyosema. Mwanafunzi anayemjibu mpinzani kwa kutaja asili yake, jamii yake au anakotoka hajajibu kitu, na katika (c) apate sifuri. Ikiwa maneno yake yanawatweza watu kwa asili yao, hotuba isimamishwe na mwanafunzi aitayarishe upya kabla ya kupewa alama yoyote. Hilo lina msingi wa kisheria, kwani ubaguzi wa rangi na ukabila umekuwa kosa nchini tangu amri yenye nguvu ya sheria nambari 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966. Lina pia msingi wa kitaaluma: msemaji aliyeitukana sehemu ya hadhira yake ameacha kuishawishi, na sasa anaikusanya sehemu moja tu dhidi ya nyingine.

7.0 Mfano

Ili kuonyesha jinsi mgawanyo huo unavyofanya kazi, na uchukuliwe mfano wa kubuni unaohusu jambo halisi. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na bila malipo. Utekelezaji wake nchini kote ulianza na mwaka wa masomo uliofunguliwa Septemba 2019. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, wazazi walikuwa wakichangia ili walimu waweze kuishi, na hata baada ya hapo walikuwepo walimu waliofundisha bila majina yao kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Mada ni hii: Wazazi waendelee kumchangia mwalimu wa shule ya msingi.

Mwanafunzi wa kwanza anaunga mkono. Sauti yake inajaza ukumbi. Anaeleza mateso ya mwalimu mwenye viatu vilivyotoboka, anatumia methali nne, anauliza ni nani aliyemfundisha waziri kusoma, na darasa linapiga meza. Hasemi ni kiasi gani kichangwe, na nani, wala mtoto wa asiye na kitu atafanywa nini. Wanaopinga anawaita watu wasio na shukrani.

Mwanafunzi wa pili anapinga. Anaanza kwa sauti ndogo na mara mbili anasita. Amesema hadhira yake ni wazazi wa mtaani, na anazungumza Kiswahili cha Bunia. Anataja ibara ya katiba. Anaeleza kwamba amezungumza na akina mama watatu, na kwamba kwa mmoja wao, mwenye watoto wanne shuleni, mchango mdogo hugeuka mara nne. Kisha anasema waziwazi kwamba upande wa pili una hoja nzito: mwalimu asiyelipwa hawezi kufundisha. Anajibu kwamba mchango wa wazazi huifunika deni la serikali badala ya kulilipa, na anapendekeza kamati za wazazi ziandike orodha ya walimu wasiolipwa na kuifikisha kwa wakuu wa elimu wa jimbo. Anamaliza dakika moja kabla ya muda.

Kwa alama ya jumla, si ajabu wa kwanza akapata 16 na wa pili 11. Kwa vipengele, wa kwanza anaweza kupata 2 kwa dai, 2 kwa sababu, 0 kwa upande wa pili, 3 kwa ufaafu na 3 kwa utoaji, jumla 10. Wa pili anaweza kupata 2, 5, 4, 3 na 1, jumla 15. La muhimu kuliko tofauti ya alama ni kwamba sasa kila mmoja ana la kufanya. Wa kwanza anajua kwamba kipaji chake kinahitaji sababu na heshima kwa mpinzani. Wa pili anajua kwamba hoja zake zinahitaji sauti. Msimamo wa kila mmoja haukupimwa: mwanafunzi anayeunga mkono michango kwa sababu nzuri angeweza kupata 15 hizo hizo.

8.0 Wapimaji na Wasikilizaji

Karatasi ya vipengele haimwondoi mpimaji katika hatari ya upendeleo, humsaidia kuuona tu. Hivyo ni vema wapimaji wawe wawili kila inapowezekana, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Tofauti ikizidi alama 3, wasigawanye katikati upesi, bali watafute ni kipengele gani kilichowatenga na kwa nini.

Kabla ya kuanza, wapimaji na wanafunzi wafanye zoezi la pamoja. Hotuba mbili za Juliasi Kaizari zinafaa sana. Zikipimwa kwa makofi, Antony anashinda. Zikipimwa kwa huruma ya msomaji, wengi humpa Brutus kwa uungwana wake. Zikipimwa kwa vipengele, mambo hubadilika. Brutus anataka aaminiwe kwa heshima aliyo nayo, lakini haleti ithibati kwamba Kaizari alikuwa na tamaa ya ufalme. Kisha anaondoka, akimwachia mwenzake neno la mwisho. Kwa (b) na (c) alama zake ni chache. Antony analeta vitu vinavyoonekana: wosia, vazi lililotobolewa, maiti. Lakini anavitumia kuwasha hasira, na hoja ya wapinzani anaitaja ili kuidhihaki tu. Darasa likibishana kwa nusu saa juu ya alama 4 za Antony katika (c), litakuwa limejifunza upimaji kuliko kwa mhadhara mzima.

Wasikilizaji nao wana kazi. Kabla ya hotuba kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi kama anakubaliana na mada au la, na baada ya hotuba aandike tena. Kinachohesabiwa ni waliobadilika, si jumla ya waliokubali, kwa kuwa huenda wengi walikubali tangu mwanzo. Hesabu hiyo isomwe mbele ya darasa na ijadiliwe, lakini isigeuzwe kuwa alama, kwa sababu zilizotajwa kuhusu makofi. Aidha, wasikilizaji watatu watakaoteuliwa kwa kura waandike swali moja moja, na msemaji ajibu moja kati ya hayo. Jibu lake liingie katika (c). Kwa njia hii msemaji hukutana na mpinzani wa kweli, si yule aliyemtunga mwenyewe nyumbani ili amshinde.

Ni lazima ikubaliwe kwamba mpango huu una mipaka yake. Mwanafunzi mwerevu anaweza kujifunza kutaja hoja ya upande wa pili kama desturi tu, bila kuijali. Tena kuna nyakati ambapo hotuba fupi isiyo na ushahidi hata mmoja humgusa kila mtu kwa ukweli wake, na karatasi haina mahali pa kuiandika. Mpimaji akikutana na hotuba ya namna hiyo aieleze kwa maneno chini ya karatasi. Maneno mawili matatu ya mwalimu hukumbukwa muda mrefu baada ya tarakimu kusahauliwa.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba hotuba ya ushawishi ina sehemu zinazoweza kutenganishwa na kupimwa, kwamba alama ya mkupuo mmoja huvutwa na sauti, sura na makofi, na kwamba lugha ya mwanafunzi ipimwe kwa ufaafu wake kwa hadhira. Imependekezwa nusu ya alama ziende kwenye sababu na kwenye kumjibu asiyekubali. Walimu wanaoandaliwa Bunia watafundisha Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa, mbele ya madarasa yenye watoto wa jamii zote. Watapima kama walivyopimwa. Mwanafunzi aliyezoea kupata alama kwa kumsikiliza mpinzani wake na kumjibu atakuwa na la kufanya siku atakapokaa katika kikao ambacho pande mbili haziaminiani. Aliyezoea kupata alama kwa kulisisimua darasa atakuwa na chombo kimoja tu, na Ituri inakijua chombo hicho.